Ukikosa Ndege, Andika Sifuri: Mwongozo kwa Anayejitolea Kuhesabu Ndege wa Maji Januari

Kaskazi ikishashika, pwani ya Kenya hupokea wageni wa namna mbili. Kuna wanaoteremka uwanja wa Malindi na masanduku yao, na kuna wanaoteremka kwenye matope ya Mida Creek bila hata furushi, baada ya kuruka maelfu ya kilomita. Mwongozo huu unawahusu wa pili. Huko walikotoka, Siberia na kaskazini mwa Ulaya, Januari ni kilele cha baridi: ardhi imeganda na hakuna kijidudu cha kudonoa. Kwetu ni jua la utosi. Ndiyo maana sensa hii, ambayo ulimwenguni huitwa ya majira ya baridi, sisi tunaifanya kwa kofia pana na chupa ya maji kiunoni.

Jina lake kamili ni Sensa ya Kimataifa ya Ndege wa Maji. Ilianza Ulaya mwaka 1967, na mwaka 1991 ukaanzishwa mpango wa Afrika. Shirika la Wetlands International ndilo linaloiratibu. Januari ilichaguliwa kwa sababu nyepesi: ndege wametulia. Safari ya kushuka kusini imekwisha na ya kurudi haijaanza, kwa hiyo anayeonekana ziwani leo kesho utamkuta papo hapo. Nchi nyingi huhesabu karibu wakati mmoja ili ndege asihesabiwe Misri wiki hii, halafu akahesabiwa tena Kenya wiki ijayo. Kwa upande wa Kenya, kazi huongozwa na kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa kwa kushirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) na chama cha Nature Kenya. Hata hivyo, macho mengi yanayohesabu ni ya watu wa kujitolea: wanafunzi, waongozaji watalii, walimu waliostaafu, wavuvi, na mtu kama wewe uliyesikia habari hii kwa jirani.

Wamarekani wanayo yao iliyotangulia. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa New York, alichoshwa na mchezo wa Krismasi wa watu kutoka na bunduki kushindana nani ataua ndege na wanyama wengi zaidi. Akawaomba watoke kuhesabu badala ya kuua. Siku ile walitoka watu 27. Siku hizi hesabu hiyo hufanyika kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, na kila kundi hushughulikia duara lenye upana wa kilomita 24. Ikiwa unasoma haya ukiwa Toronto au Minneapolis, tafuta duara lililo karibu nawe. Mengi ya humu yatakufaa, isipokuwa habari za viboko.

Usisubiri kuwa bingwa

Watu wengi hukataa mwaliko kwa kusema hawajui ndege. Sikiliza kazi ilivyogawanywa kwanza. Kila timu huwa na msimamizi anayejua mipaka ya kipande chenu, mtambuzi mmoja au wawili wanaojua ndege kwa sura na kwa mruko, wahesabuji, na karani. Karani hashiki darubini kabisa. Anasikiliza "sululu, kumi na saba", anarudia kwa sauti "sululu, kumi na saba", kisha anaandika. Huo urudiaji ndio kazi yenyewe, kwa sababu upepo wa kaskazi humeza maneno, na kumi na saba ikisikika sabini, kosa hilo litakaa kwenye takwimu miaka hamsini. Anza kwa ukarani. Utayasikia majina mara mia kwa siku moja, utaona mtambuzi anaelekeza wapi, na mwaka ujao utastaajabia ulivyojifunza bila kukaa darasani.

Kujiandikisha ni jambo la mwezi Novemba au Desemba, si la asubuhi ya sensa. Nairobi, mlango mwepesi ni matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Nenda mara mbili tatu, uliza, utaelekezwa. Watamu, shirika la A Rocha Kenya huhesabu ndege wa matopeni wa Mida. Uganda kuna NatureUganda, na kama una bahati utapelekwa Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, ambako buabua hulala kwa wingi usiosemeka. Mahali pengi kuna vikundi vya vijana wanaotunza ziwa au mto wao, na hao ndio wanaojua njia. Uliza mapema nani analipa usafiri, nani anapika, na kama mtalala kwenye hema. Kujitolea hakumaanishi kushtukizwa.

Maharagwe kwenye sinia

Mazoezi bora niyajuayo hayahitaji ziwa. Mwombe mtu wa nyumbani akumwagie maharagwe kwenye sinia bila kukuonyesha kipimo. Tazama kwa muda wa pumzi tano, taja idadi, halafu hesabu moja moja. Mara za mwanzo usishangae ukitaja 150 penye 300. Wengi wetu hukosea upande huo huo: kundi likizidi ukubwa, jicho hulipunguza.

Dawa yake ni kipimo. Hesabu maharagwe kumi kwa uhakika, uone kumi inakaa nafasi gani. Jenga kumi hizo hadi mia, kisha ihamishe mia yako juu ya sinia kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri: mia, mia mbili, mia tatu. Ziwani utafanya vivyo hivyo. Kumbuka tu kwamba ndege hawatandazwi sawasawa. Katikati ya kundi wamesongamana bega kwa bega, pembeni kila mmoja ana uwanja wake, kwa hiyo mia ya katikati ni shubiri fupi na mia ya ukingoni ni ndefu. Kundi la chini ya mia tatu lihesabu mmoja mmoja ikiwa limetulia. Kukadiria ni kwa ajili ya lazima, na wengi hukimbilia huko kwa uvivu.

Fanya zoezi hili jioni kumi mfululizo. Watoto watakusaidia kwa furaha, na maharagwe mtayala.

Upande wa majina, jifunze ndege ishirini tu, walio wengi mahali unapokwenda. Ukienda maziwa ya Bonde la Ufa, anza na heroe, ambaye sokoni na garini kila mtu humwita flamingo. Wako wawili: mkubwa ni mrefu, mweupe wa kupauka, mdomo waridi wenye ncha nyeusi, mdogo ameiva rangi na mdomo wake ni mwekundu wa giza, ukimwona kwa mbali utadhani mweusi. Ongeza mwari na mfuko wake shingoni, mnandi anayeanika mabawa, yangeyange, bata wa aina tatu nne, na domomwiko, ambaye mdomo wake ni mwiko kweli na huukorogesha majini kushoto kulia kama mpishi wa uji. Pwani utamhitaji sululu mwenye mdomo uliopinda kama mundu, shakwe, buabua, na membe mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa.

Halafu kuna kitwitwi. Kiswahili kimewakusanya chini ya jina hilo vindege wengi wa kijivu wanaokimbiakimbia matopeni, ila fomu inawataka mmoja mmoja, kwa majina ya Kiingereza na ya kisayansi. Usiogope. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Stevenson na Fanshawe, kilichotoka 2002, kina picha za wote, na programu za simu kama Merlin zinasaidia nyumbani. Ila ndege akiwa mita 200 kwenye mng'ao wa matope, picha ya simu ni doa tu. Mtambuzi wenu akishindwa, muandike "kitwitwi mdogo asiyetambulika", idadi 60. Fomu ina nafasi ya hao. Ni heri sitini wasio na jina kuliko sitini waliobandikwa jina la kubahatisha.

Vya kubeba

Darubini ya mkono, ukiwa nayo. Ukikosa, timu huwa nayo, pamoja na ile kubwa ya miguu mitatu ambayo zamu yake hugombewa. Kihesabio kidogo cha kubonyeza kwa kidole gumba ni rahisi na kitakuokoa ukiulizwa swali katikati ya hesabu. Nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Nyeupe inaonekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Usivae mabaka ya kijeshi hata kama uliyanunua mtumbani kwa bei ya bure: raia kuyavaa Kenya ni kosa kisheria, na askari wa hifadhini hatataka maelezo.

Miguuni, uliza unakwenda wapi. Gambuti ni nzuri kwenye nyasi zenye umande za Naivasha. Kwenye matope ya mikoko ni mtego. Utachomoa mguu, gambuti libaki. Huko vaa viatu vya mpira vya kufunga kamba, vile vya zamani usivyovionea huruma.

Na uandike kwa penseli. Mwaka wangu wa kwanza kama karani nilijivunia kalamu mpya ya wino, nikaandika kwa mwandiko wa kuvutia kabisa. Tukavuka mkondo, maji yakanifika kifuani, ubao wa fomu nikauinua juu ya kichwa lakini mawimbi hayakunisikiliza. Tulipofika ng'ambo, ukurasa wa pili ulikuwa na rangi nzuri ya samawati na hakuna hata tarakimu. Mtambuzi wetu, mama mmoja mkimya, alinitazama, akageuka, akaanza kurudi tulikotoka. Tulirudia saa mbili za kazi. Hakusema neno, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Ziwani alfajiri

Maziwa ya bara huhesabiwa asubuhi. Timu zinapaswa kuwa kwenye vipande vyao jua linapochomoza, na zote zianze saa moja, kwa mfano, kwa saa zilizolinganishwa usiku uliotangulia. Sababu ni mbili. Kwanza, ndege wa ziwa moja ni wa vipande vyote: timu ya mashariki ikichelewa, itawahesabu wale wale waliokwisha kuhesabiwa magharibi wakaruka. Pili, kufikia saa nne hewa juu ya maji ya magadi huanza kutetemeka, mazigazi yanaota, na kundi la bata hugeuka mstari wa moshi.

Panga jua liwe mgongoni. Kabla ya kuhesabu chochote, pitisha darubini kipande kizima mara moja bila kutaja idadi, ili ujue wako wapi na nani ana wasiwasi. Wenye wasiwasi huhesabiwa kwanza, maana ndio watakaoruka. Wakiruka, fuata kanuni hii: walioruka kwenda nyuma yako kabla hujawahesabu, wahesabu papo hapo angani, walioruka kwenda mbele, waache, utawakuta. Kundi kubwa likipita kuelekea kipande cha jirani, karani aandike saa, aina, idadi na upande lilikoelekea. Jioni, fomu zikilazwa meza moja, msimamizi ataona kwamba mwari 340 walioondoka kwenu saa 1:50 ndio hao waliotua kwa jirani saa 1:55.

Kundi la mchanganyiko lina utaratibu wake. Hesabu jumla kwanza, wote pamoja. Kisha chukua sehemu tatu nne za kundi, si moja, uhesabu kila aina ndani yake, upate uwiano. Usichukue sampuli ukingoni peke yake, kwa sababu aina nyingine hupenda maji ya kina na nyingine ufuko, na ukingo utakudanganya.

Heroe wa Ziwa Bogoria ni habari nyingine kabisa. Wakiwa wengi, hupiga mstari wa waridi ufukoni usioona mwisho wake, na hakuna binadamu anayeweza kuwahesabu mmoja mmoja. Huko hutumika kipimo cha elfu, na picha: piga mfululizo wa picha zinazopishana kidogo, andika namba ya kwanza na ya mwisho kwenye fomu, mtazihesabu kivulini. Na utaulizwa kwa nini Nakuru, iliyosifika dunia nzima kwa heroe, mwaka fulani haina hata elfu. Jibu limo majini. Heroe mdogo hula kijimea kidogo mno kinachostawi kwenye maji ya magadi makali. Tangu 2010 hivi maji ya Nakuru yalipanda mpaka yakafunika lango kuu la hifadhi, magadi yakachujuka, chakula kikapungua, ndege wakahamia kwingine. Hawakufa. Lakini tungejuaje, kama Bogoria na Elementaita hazikuhesabiwa siku zile zile?

Sasa viboko. Naivasha na Baringo kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na alfajiri anarudi. Ukijikuta kati yake na maji, wewe ndiye kizuizi. Pita upande wa nchi kavu mpaka askari au mwenyeji aseme njia ni salama. Nakuru kuna nyati, na kule hushuki garini bila ruhusa ya askari wa KWS anayewasindikiza, hata kama kuna bata nyuma ya kichaka kile tu. Muandike bata huyo kwamba hakuonekana vizuri. Usimfuate.

Pwani, fuata maji

Pwani saa si kitu. Maji ndiyo bwana. Maji yakipwa, vitwitwi na membe hutawanyika kwenye matope mapana, nukta juu ya nukta, hadi upeo wa macho. Yakijaa, matope yanafunikwa na wote hulazimika kusongamana kwenye fungu la mchanga au kisiwa cha mikoko kusubiri. Hapo ndipo wanapohesabika. Kwa hiyo huhesabiwa wakati wa maji kujaa, na hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kweli kweli. Maji mafu huacha vipande vya tope bila kufunikwa, na ndege hawaoni haja ya kukusanyika.

Wazee wa pwani hii hawahitaji jedwali kujua kwamba wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na maji mafu hujaa kama saa nne. Kwa hiyo hesabu ya Mida hufanywa mchana: mnafika mahali pa kulala ndege saa nane, mnakaa chini, mnanyamaza, mnawaacha ndege waje kwenu. Wanakuja kwa mafungu, na kila fungu likitua lihesabu mara moja. Yakishajaa kabisa, hesabu upya wote kwa pamoja ili ulinganishe. Usisimame. Kundi likiruka mara moja mnapoteza hesabu, nalo linapoteza nguvu lilizoziweka akiba ya safari.

Mpangaji wa tarehe huangalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya ofisi. Ukialikwa kuhesabu pwani tarehe ya maji mafu saa tatu asubuhi, uliza kwa heshima kama kuna kosa.

Tulia kidogo umtazame membe. Huzaliana kwenye fukwe za Oman, Uajemi na nchi jirani kuanzia Aprili, kwenye mashimo anayochimba mchangani, yai moja jeupe kwa shimo, na mchanga wenyewe husaidia kulipasha moto. Kisha hushuka pwani yetu, njia ile ile ya majahazi ya zamani. Januari utaona mwenye manyoya ya kijivu akimfuata mkubwa akiomba kaa: huyo ni mtoto wa mwaka jana, bado analishwa na mzazi huku ugenini. Inakadiriwa kuwa membe wote duniani ni kati ya 60,000 na 80,000. Sasa fanya hesabu ndogo. Kundi la 700 kwenye fungu moja la mchanga Mida ni karibu mmoja katika kila mia wa ulimwengu mzima. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, una kigezo kinachohusu jambo hilo hilo: ardhi oevu inayobeba kwa kawaida asilimia 1 ya ndege wa jamii fulani ina umuhimu wa kimataifa. Namba uliyoitaja kwa karani ukiwa umekaa kwenye matope ndiyo itakayosomwa siku mtu anapotaka kujenga pale.

Na kuna mambo ya mbali yanayosomeka kwenye matope yetu. Kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Mwaka ambao panya wa kule ni wachache, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na msimu unaofuata kusini huonekana chipukizi wachache. Ukiweza kutofautisha wadogo na wakubwa, waandike mbalimbali. Usipoweza, usijilazimishe.

Mwenyeji kwanza

Kabla ya kusimika darubini, amkia. Watu wa pale wanaona wageni wenye mitambo wakielekeza kwenye nyumba zao na boti zao, na wana haki ya kuuliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwahesabu ndege wa nani?"

Niliulizwa hivyo na mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu, nikababaika. Nikasema ni wa wote, tunataka kujua kama wanaongezeka au wanapungua. Akaangalia maji. "Hapa mtakaa bure. Membe walihama tangu mbwa waanze kuletwa ufukweni. Wako ng'ambo ile, nyuma ya mikoko." Tulikuwa na ramani, na ramani ilisema papo hapo. Msimamizi alitugawa: wawili wakabaki palipoandikwa, watatu wakavushwa kwa dau la mpwa wa mzee yule. Ng'ambo tulikuta 212. Palipoandikwa kwenye ramani walikuta hakuna, nao wakaandika.

Sifuri na nafasi tupu

Wageni wengi wa kazi hii huharibu hapo, na wanaharibu kwa nia njema. Hawapendi kuandika hakuna. Umesafiri usiku, umetembea saa tatu, halafu urudishe fomu ya sifuri? Basi mkono unaongeza: "nadhani wale wa mbali walikuwa bata". Au unaacha nafasi wazi.

Nafasi tupu haisemi kitu. Aliye Nairobi akiisoma miaka ishirini baadaye hajui kama ndege hawakuwapo, au hamkufika, au karani alisinzia. Sifuri inasema: tulifika, tulitazama, hawakuwapo. Uzito wake ni sawa na wa elfu tano. Kuhama kwa heroe wa Nakuru kulionekana kwa sababu kuna watu waliokubali kurudi na fomu nyembamba.

Ila sifuri nayo ina uongo wake. Mwaka mmoja gari letu liliharibika njiani kuelekea mlango wa Mto Sabaki, tukafika maji yameshaanza kupwa na ndege wameshatawanyika. Mwenzetu mmoja akataka tuandike sifuri tumalize. Hiyo ingekuwa sifuri ya gari. Tuliandika tulichokiona, shakwe 41 na buabua wachache, na pembeni: "Tumefika saa 11:20, maji yanapwa, kipande cha kaskazini hakikufikiwa." Sentensi hiyo moja iliokoa mwaka mzima usisomeke kama anguko la ndege. Fomu ina sehemu ya hali ya hewa, maji, saa ya kuanza na kumaliza, na kiasi cha kipande kilichofikiwa. Ndiyo sehemu inayoachwa wazi mara nyingi, nami nikiwa na uwezo ningeiweka juu kabisa ya ukurasa.

Usilinganishe na mwaka jana kabla hujamaliza. Msimamizi mzuri hakuambii mwaka jana walikuwa wangapi, kwa sababu ukijua 800 utaiona 800. Na usiafikiane na mwenzako kwa adabu. Yeye akipata 450 na wewe 620, hesabuni tena; bado mkitofautiana, andikeni zote mbili. Pwani tuna tabia ya kumwachia mkubwa neno la mwisho. Hapa mkubwa ni yule kitwitwi.

Kabla hujalala

Fomu zinakusanywa jioni ile ile. Kaa na karani mpitie kila mstari mngali mnakumbuka: hii ni 7 au 1, huyu ni nani, hapa palikuwa wapi. Mkabidhi msimamizi nakala halisi, ubaki na picha yake kwenye simu. Takwimu zitaingia Makumbusho, zitaungana na za vituo vingine, na baadaye zitafika kwenye hesabu ya kimataifa. Utaulizwa swali au mawili mwezi Machi. Jibu kwa ukweli, pamoja na "sikumbuki".

Kisha fungua daftari lako mwenyewe. Mwakani anayepewa kipande chako huenda si wewe. Mwandikie: mahali uliposimama, pamoja na mti au jiwe la kulengea, jua lilikuwa upande gani saa tisa, tope linazama wapi, wapi kuna mbwa, jina la kijiji cha kijana aliyewavusha kwa dau na nauli mliyopatana, na kwamba fungu la mchanga lililo kwenye ramani limehama, sasa liko hatua kama mia tatu kusini, nyuma ya mikoko mitatu iliyosimama peke yake.